Baba mkwe aliitwa Titus, mama anasema jina hilo lina laana

Shikamoo Mwalimu,

Naandika nikiwa nimempakata mwanangu. Leo ametimiza wiki kumi na bado hana jina. Kwenye kadi ya kliniki, pale penye mstari wa jina, nesi aliandika "Mtoto wa", akamalizia na jina langu, akaniambia nikija tena nije na jina. Nimerudi mara mbili kumpima uzito na mstari uko vilevile.

Mume wangu ni mtoto wa kiume pekee kwao. Baba yake, ambaye huu ni mwaka wa pili tangu atutoke, aliitwa Titus. Alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyenishonea gauni la harusi. Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika alikuja kwa basi na jogoo kwenye kapu, akakaa sebuleni kutwa nzima, hakuniambia "pole" zaidi ya mara moja, wala hakunihubiria. Aliliona pazia letu limechanika, akaomba sindano na uzi, akalishona kimya mpaka jua likazama. Alipofariki alituachia cherehani yake. Kwenye ubao wa meza kuna herufi T aliyoichonga kwa ncha ya mkasi. Pale makaburini mume wangu aliahidi kwamba Mungu akitupa mtoto wa kiume ataitwa Titus, na mimi nilikubali kwa moyo wangu wote.

Tatizo ni mama yangu mzazi. Tangu mimba ile iharibike amejiunga na kikundi cha maombi. Sina ubaya nacho, kimemtia nguvu. Lakini kiongozi wao aliposikia jina tulilochagua alimwonyesha video kwenye simu. Humo wanasema Titus ni jemadari wa Rumi aliyeliteketeza Hekalu la Mungu Yerusalemu, kwamba maana ya jina lenyewe ni "jitu", na kwamba mtoto akipewa jina hilo anafuatwa na roho ya uharibifu. Mama alilia sana. Amesema hatakanyaga kwenye ubatizo. Akimbeba mtoto anamwita Baraka. Mume wangu akiingia anamwita Titus. Mimi namwita "baba" tu, nisimuudhi yeyote.

Wiki iliyopita walirushiana maneno mbele yangu. Mama alisema, "Mnamtoa mjukuu wangu kafara kwa ajili ya marehemu." Mume wangu akatoka, akarudi usiku wa manane.

Mwalimu, habari za huyo Titus ni za kweli? Jina hili lina maana gani hasa? Na je, nikiandikisha Baraka kwenye cheti, halafu nyumbani tumwite Titus, kila mtu akaridhika kivyake, nitakuwa nimekosea?

Mama wa mtoto asiye na jina,
Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na hongera sana ya uzazi. Nilifundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilisoma Kilatini seminari ndogo, kwa hiyo hawa akina Titus nawajua kama mtu anavyowajua majirani zake. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu barua yako imenigusa.

Nianze na lililo kweli. Mama yako hakudanganywa katika kila kitu, na ukienda kumwambia kwamba yote ni uzushi, utakuwa wewe ndiye unayemdanganya.

Yupo Titus huyo. Jina lake kamili ni Titus Flavius Vespasianus, alizaliwa Desemba 30 mwaka 39. Mwaka 70, baba yake akiwa ameshakuwa Kaisari, yeye aliachiwa kazi ya kumaliza vita vya Uyahudi. Aliuzingira mji wa Yerusalemu kipindi cha Pasaka, ukiwa umefurika watu waliokuja kuhiji. Askari wake walijenga ukuta wa kuuzunguka mji mzima, kama kilomita saba, na waliumaliza kwa siku tatu, ili chakula kisiingie na mtu asitoke. Mwandishi Josephus, Myahudi ambaye wakati huo alikuwa kambini kwa Warumi, anasimulia watu wakitafuna mikanda na viatu vya ngozi kwa njaa. Agosti Hekalu likaungua. Josephus anasema Titus alitaka lisichomwe na kwamba ni askari mmoja aliyetupa kijinga cha moto dirishani, lakini Josephus alikuwa akila kwa mkono wa familia hiyohiyo ya Kaisari, na zipo habari nyingine zinazosema Titus mwenyewe ndiye aliyeamua. Josephus anataja waliokufa kuwa zaidi ya milioni moja, hesabu ambayo wanahistoria wengi wanaiona imezidi, na mateka 97,000.

Ukifika Roma, karibu na uwanja wa Colosseum, kuna tao la mawe alilojengewa Titus baada ya kufa. Ukisimama chini yake ukatazama ukuta wa ndani, utaona askari waliochongwa wakitembea na mzigo mabegani. Mzigo wenyewe ni kile kinara cha taa saba cha Hekaluni, kikubwa kuliko kichwa cha yeyote kati yao, pamoja na meza na tarumbeta za fedha. Ni uporaji ulioandikwa kwenye jiwe, na haujafutika mpaka leo. Talmudi, kitabu cha mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, inamwita Titus mwovu, na inasimulia kwamba Mungu alimtia mdudu mdogo kama mbu puani, akamla ubongo miaka saba. Kila mwaka, siku ya tisa ya mwezi wa Av katika kalenda yao, Wayahudi hufunga kula kwa kulikumbuka Hekalu hilo. Huo ni msiba wa watu, mwanangu, na mbele ya mama yako usiutaje kwa wepesi.

Sasa yaliyoachwa nje ya video.

Warumi walikuwa na uhaba wa majina ya kwanza. Jina la ukoo lilikuwa kitu kikubwa, na jina la tatu lilitofautisha tawi la ukoo, lakini lile ambalo mtoto wa kiume alipewa siku ya tisa baada ya kuzaliwa lilichaguliwa kutoka kwenye orodha fupi mno. Nyakati za Kaisari yaliyokuwa yakitumika sana yalikuwa 18 hivi: Marko, Gayo, Lukio, Tiberio, Titus na wenzao. Yalikuwa machache kiasi kwamba hawakusumbuka hata kuyaandika. Marko waliandika M., Tiberio Ti., na Titus waliandika T. tu, wakaweka nukta. Niliposoma habari ya baba mkwe wako na ile herufi aliyoichonga mezani niliweka barua chini kidogo. Kwenye mawe ya makaburi ya Italia ya zamani ziko T. za namna hiyo zisizo na idadi, za wakulima, askari, waoka mikate, na watumwa walioachwa huru wakachukua jina la bwana wao. Kulilaani jina Titus kwa ajili ya mmoja wao ni kama kulilaani jina Juma kwa sababu Juma mmoja alichoma nyumba ya watu.

Waliokuwa na jina hilo na wakajulikana ni wengi. Mtunzi wa michezo ya kuchekesha Plautus alikuwa Titus. Livius, aliyeandika historia ya Roma kwa vitabu 142, alikuwa Titus. Kaisari Antoninus Pius, ambaye utawala wake wa miaka 23 unakumbukwa kwa utulivu, alizaliwa akaitwa Titus. Alikuwapo Titus Manlius Torquatus, mkali kupindukia, aliyeamuru mwanawe wa kumzaa auawe mwaka 340 KK kwa sababu alipigana bila ruhusa. Na alikuwapo Titus Quinctius Flamininus. Huyu mwaka 196 KK, baada ya kumshinda mfalme wa Makedonia, alimsimamisha mpiga mbiu uwanjani karibu na Korintho atangaze kwamba Wayunani sasa ni huru. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kiyunani, anasema makelele ya furaha yalivyopaa, kunguru waliokuwa wakiruka juu ya uwanja walidondoka chini. Wayunani wakakusanya fedha, wakawakomboa Warumi 1,200 waliouzwa utumwani nchini kwao, wakamkabidhi. Aliporudi Roma, nyuma ya gari lake la ushindi walitembea watu hao wamenyoa vichwa na kuvaa kofia za walioachwa huru. Titus wa Yerusalemu naye alipita mjini humohumo kwa gwaride lake mwaka 71, na aliowapitisha ni vijana 700 wa Kiyahudi waliochaguliwa kwa urefu na uzuri wao, mateka.

Lakini wa kumpelekea mama yako ni mwingine kabisa, na kitabu chake anacho tayari ndani ya Biblia yake.

Mtume Paulo anaeleza katika barua kwa Wagalatia, sura ya pili, kwamba alipanda kwenda Yerusalemu na Barnaba, akamchukua na Tito, ndivyo Biblia yetu inavyoliandika jina Titus. Tito alikuwa Myunani, hakutahiriwa, na pale mbele ya wakuu wa kanisa hakulazimishwa kutahiriwa. Kukaa kwake pale akapokelewa kama alivyo ndiko kulikowafungulia mlango watu wa mataifa, na sisi tukiwamo. Ilikuwa miaka ya 40 ikielekea mwisho. Piga hesabu: yule jemadari alikuwa bado mtoto, hajavuka miaka kumi, anasoma ikulu ya Roma darasa moja na mwana wa Kaisari Klaudio. Tito wa Paulo hakuitwa kwa ajili yake. Alimtangulia.

Kuna jambo jingine ninalolipenda zaidi, na sijawahi kusikia likihubiriwa. Miaka michache baadaye wakristo maskini wa Yerusalemu walikuwa na shida, na Paulo akaanzisha mchango kwa makanisa ya Wayunani. Fungua Wakorintho wa Pili sura ya nane uone nani aliyetumwa Korintho kuusimamia mchango huo. Ni Tito. Paulo anamsifu kwamba alikwenda kwa hiari yake, ana bidii. Kwa hiyo katika kizazi kimoja walikuwapo watu wawili wa jina hilo ambao habari zao zinafika Yerusalemu. Mmoja alizunguka miji ya watu akiomba riziki ya maskini wa mji ule. Mwingine alijenga ukuta ili riziki isiingie. Baba mkwe wako alipewa jina la nani kati ya hao? Wewe unalijua jibu, na mama yako ukimwuliza kwa upole ataliona.

Sura moja kabla ya hiyo, ya saba, mstari wa sita, upo mstari ambao ningependa uusome kwa sauti: "Lakini Mungu, mwenye kuwafariji wanyonge, alitufariji kwa kuja kwake Tito." Paulo alikuwa amechoka, ana hofu, analala na mawazo, na faraja yake ilikuja kwa mtu kufika tu. Nikiusoma sasa namwona mzee akiteremka kwenye basi na jogoo kapuni.

Kuhusu mkosi wa majina, mama yako asidhani ni jambo la kikundi chake peke yake. Warumi wenyewe waliliamini. Ukoo wa Claudius ulikubaliana kulitupa jina Lukio, kwa sababu wawili wao wenye jina hilo walipatikana na hatia, mmoja ya ujambazi na mwingine ya kuua. Ukoo wa Manlius uliapa usiwe na Marko tena. Marko wao alikuwa shujaa. Ndiye aliyeamshwa usiku na kelele za mabata bukini akawasukuma maadui wasipande ngome ya Roma, lakini baadaye, mwaka 384 KK, alihukumiwa kwa kutaka ufalme, akatupwa kutoka juu ya mwamba. Na mwaka 30 KK Baraza la Roma liliamua kwamba hakuna mtu wa ukoo wa Antonius atakayeitwa Marko tena, kwa sababu ya yule aliyekuwa mume wa Kleopatra.

Basi tazama majina hayo mawili yaliyofukuzwa majumbani mwa wakubwa yalikwenda wapi. Matendo ya Mitume 13, mstari wa kwanza, walimu wa kanisa la Antiokia wanatajwa, na mmoja wao ni Lukio wa Kirene, Mwafrika wa upande wa Libya ya leo. Na Marko yuko mwanzoni mwa Injili ya pili. Mwulize mama kama angekataa mjukuu aitwe Marko.

Maana ya jina sasa. "Jitu" si maana yake. Aliyesema hivyo amelichanganya na Titan, neno la Kigiriki la miungu majitu ya hadithi zao, neno jingine kabisa. Titus ni jina la zamani kuliko vitabu vya Kilatini, la upande wa Wasabini, jirani za Roma, na wengine wanalipeleka kwa Waetruski, watu wengine wa kale wa Italia. Kwa umri wake, Warumi wenyewe walikuwa wanakisia. Mwanasarufi wa Kirumi, Festo, anasema wapo askari walioitwa tituli kwa sababu wanailinda nchi, na jina Titus likatoka hapo, kwa hiyo mlinzi. Waliofafanua mashairi ya zamani waliandika kwamba titi ni njiwa-mwitu. Mlinzi au njiwa, mama achague linalomtuliza. Mimi ningechagua njiwa.

Wa kwanza anayetajwa kwa jina hilo katika historia ya Roma ni mfalme wa Wasabini, Titus Tatius, na hadithi yake nimeiwaza tangu nilipofika kwenye lile neno ulilosema, "walirushiana maneno mbele yangu". Livius ndiye anayeisimulia. Mji wa Roma ulikuwa mpya na wanaume wake hawakuwa na wake. Romulus, mwanzilishi na mfalme wake, akawaalika majirani kwenye sherehe, na katikati ya sherehe vijana wake wakawapora mabinti. Wasabini wakaja na jeshi kulipiza, Titus Tatius mbele. Wakapigana bondeni kati ya vilima, na kila upande ulikuwa umeshazika wafu. Ndipo wale mabinti, ambao sasa walikuwa wake za watu na mama za watoto, wakatoka nywele timtim na nguo zimechanika, wakaingia katikati ya mishale inayoruka. Plutarch anaongeza kwamba wengine walikuwa wamebeba watoto wao wachanga. Upande huu waliwaita baba zao, upande huu waume zao. Walisema, hasira zenu tugeuzieni sisi, maana ni afadhali tufe kuliko kuishi bila nyinyi, yatima au wajane. Watu wakanyamaza. Mapatano yakafanyika, na Titus Tatius na Romulus wakatawala pamoja.

Hiyo ni simulizi ya kale na sikuambii kila kitu kilitokea hivyo. Nakuambia kwamba Warumi waliposimulia jinsi watu wenye jina Titus walivyoingia mjini kwao, walimweka mwanamke katikati, amebeba mtoto, mzazi upande mmoja na mume upande mwingine. Wanawake hao hawakukaa kimya ili wasimuudhi yeyote. Walisema walichokitaka.

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho: usiandikishe Baraka kimyakimya. Miaka sita ijayo mwalimu wa darasa la kwanza ataita "Baraka", mtoto hataitika, na mama yako na mume wako watagundua siku moja kwamba wote wawili uliwaficha. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ulilikubali jina hilo kwa moyo wako wote. Hujamwambia mama yako hivyo. Anaamini ni jambo la mume wako na marehemu, na wewe umeburutwa tu.

Nenda kwake mwenyewe, siku ya kazi, bila mume na bila yule kiongozi wa maombi. Mbebe mtoto. Usianze na Kaisari wala na video. Barua yako inasema mama alijiunga na kikundi kile baada ya mimba yako kuharibika. Soma tena sentensi hiyo. Sidhani anamwogopa Titus wa mwaka 70. Anaogopa kumzika mjukuu wa pili, na mtu amempa kitu cha kukishika na kukizuia, akakishika kwa mikono miwili. Neno "kafara" alilolitoa halikutoka kwenye kitabu cha historia, limetoka kwenye hofu hiyo. Mwulize, "Mama, unaogopa nini juu ya huyu mtoto?" Kisha unyamaze, umwache aseme. Inawezekana hamjawahi kumlilia pamoja yule wa kwanza.

Akishasema, ndipo umfungulie Wagalatia na Wakorintho. Msomee wewe, au asome yeye kama macho yake yanaona vizuri. Halafu mwambie habari ya pazia. Nina hakika hajui. Yeye alimwona marehemu siku ya mahari na siku ya harusi, akiwa mzee wa watu kwenye koti. Hamjui yule wa sindano na uzi. Mwambie wazi: somo wa mtoto wangu ni yule pale, ndiye niliyemtaka mimi, na ubatizoni nakuhitaji wewe uwe umemshika.

Na jina Baraka, mwachie. Liwe jina la nyumbani la bibi, mbele ya watu wote, mume wako akijua. Bibi ana haki ya kuwa na jina lake la kumwita mjukuu, na jina zuri halimdhuru mtoto.

Mume wako naye ana deni. Kutoka na kurudi usiku wa manane hakumsaidii baba yake. Mwambie aende kuomba radhi kwa sauti aliyoipaza, bila kuliondoa jina. Akihitaji mtu wa kumtia moyo, yupo padre wa Uholanzi, mtawa wa shirika la Wakarmeli, aliyezaliwa mwaka 1881 na kubatizwa Anno. Alipoingia utawani alitakiwa kuchagua jina jipya, akachagua la baba yake mzazi, mkulima aliyeitwa Titus. Wanazi walipoitawala nchi yake, alizunguka kwa wahariri wa magazeti ya Kikatoliki akiwaomba wakatae kuchapisha matangazo yao. Walimkamata, wakamuua kwa sindano ya sumu kambini Dachau, Julai 26 mwaka 1942. Mei 15 mwaka 2022 kanisa lilimtangaza mtakatifu, kwa jina hilo la yule mkulima, Titus Brandsma. Tito wa Paulo naye, kanisa Katoliki linamwadhimisha Januari 26 pamoja na Timotheo, kama mtapenda mtoto awe na siku ya somo wake.

Limebaki la karatasi, na hili lina haraka. Kizazi huandikishwa ndani ya siku 90, na wiki kumi ni siku 70. Tafuta lile tangazo la kizazi ulilopewa ulikojifungulia, usiliache kwenye begi la nepi likalowana. Kabla ya kwenda, kaeni mkubaliane herufi: Titus, au Tito, au Titusi. Toa kitambulisho cha marehemu au cheti chake cha ubatizo muone yeye aliandikwaje, kisha mwandike hivyohivyo kila mahali, kliniki, kanisani na kwenye cheti. Nimeona vijana wakizungushwa ofisini kwa miezi kwa sababu cheti kinasema Tito na shule inasema Titus.

Msalimie sana mama yako. Na siku nesi atakapoujaza ule mstari, niandikie.